Kifungo cha Kitabu cha Sita

Jumamosi moja saa tisa mchana, Mbeti alikuwa akipinda suruali ya mteja kwenye cherehani yake, mlangoni pa nyumba yake Kariokor, huku mjukuu wake Nzilani akimsomea sura ya mwisho ya kitabu cha upelelezi. Wasichana wa mtaa walikuwa wamekingoja kitabu hicho cha sita miaka miwili. Cha kwanza kilitoka mwaka uleule mabati ya paa la nasari, shule ya chekechea ya mtaa, yalipotoweka, na ndani yake pia kulikuwa na nasari iliyoibiwa mabati arobaini na mawili, idadi ileile. Kwa hiyo hata watu wazima walisikiliza. Mdogo wake Nzilani, Nthoki, alisoma nasari hiyo, na kila mvua iliponyesha alirudi amelowa hadi soksi. Mwizi akishajulikana, Mbeti aliwaza, mabati yataweza kudaiwa.

Nzilani alifika ukurasa wa tisini na sita. Kavata, msichana mpelelezi wa miaka kumi na sita, alikuwa amemshika mwizi mkono.

"'Ndipo ikabainika,'" akasoma, "'kwamba mabati yalipeperushwa na upepo. Mwisho.'"

Mbeti akasimamisha cherehani.

"Upepo?" akauliza Fowsiya, jirani muuza vitambaa, aliyeketi kizingitini. "Vitabu sita, wallahi, halafu upepo?"

"Susu, huyu mwandishi ametucheza!" Nzilani akamlalamikia bibi yake.

"Labda alichoka," Mbeti akasema. "Au aliogopa. Usimtukane, hujui anaishi karibu na nani."

Hapo Kavata akatoka ukurasani. Alitanguliza mguu wa kulia, akaruka nyuzi asizivuruge, akawasalimu wakubwa kwa mikono miwili. Sweta yake ya kahawia ilikuwa imetoboka viwikoni, kama ilivyoelezwa katika kitabu cha pili. Fowsiya alimsogezea kigoda na kummiminia chai, sukari vijiko vitatu, kwa kuwa alionekana ametoka mbali.

"Nilikuwa nimemshika," Kavata akasema. "Nikaambiwa nimwachie."

"Na nani?"

"Sikumwona. Niliona kalamu tu."

Akafungua kiganja. Kilikuwa na kifungo kikubwa cha rangi ya majivu, cha suti ya kaunda. Mbeti alikitia kwenye kopo la pini, mahali pa vitu visivyofaa kupotea.

Kavata akabaki. Alilala kitanda kimoja na Nzilani, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Asubuhi alimpeleka Nthoki nasari, na palipovuja aliwasogeza watoto bila kuombwa. Mbeti aliliona hilo, akawa anamwongezea muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harambee ya kuezeka nasari, palepale darasani. Mgeni wa heshima alikuwa diwani Mativo. Alishuka garini amevaa suti ya kaunda ya rangi ya majivu, kifungo cha tatu hakipo. Watu wakatazama pale palipokosa kifungo, kisha wakamtazama Mbeti, maana habari za kopo lake zilikuwa zimefika hadi sokoni kwa washona viatu. Kina mama wakapiga vigelegele kama ratiba ilivyosema.

Mbeti akamwendea na sindano na kile kifungo cha koponi.

"Simama kidogo, mheshimiwa. Utahutubia watoto kifua wazi?"

"Ahsante, mama. Hata sijui kiliangukia wapi."

"Ni upepo, mheshimiwa."

Diwani aliinua macho juu, palipokosa mabati, akakubali kwamba siku hizi upepo ni mkali.

Kifungo kililingana na vingine sawasawa. Mbeti alikishona kwa uzi mwekundu, akaupitisha mara saba, akaukata kwa meno. Fowsiya alishikwa na kikohozi kirefu. Diwani alihutubia nusu saa, akisema moyo unamuuma akiona watoto wananyeshewa, na uzi ule ulionekana hadi safu ya nyuma. Watu wakampigia makofi. Alikuwa mgeni.

Mchango ulipelekwa ofisini kwake kwa usalama. Mabati hayakununuliwa, wala ya zamani hayakurudi.

Mvua kubwa ilianza Jumatatu. Nthoki alirudi amelowa, akishikwa mkono na Kavata, aliyekuwa amemfunika kwa sweta yake.

"Kwani hurudi kitabuni?" Nzilani akamuuliza.

"Nikafanye nini? Kule kumekwisha."

Mbeti akamsogezea sahani. Kavata alimvua mtoto soksi, akazikamua vizuri, akazianika kando ya jiko, juu ya kitabu cha sita.