Sahani ya Mkwe

Kitendawili. Semeni tega, msinicheleweshe. Miaka kumi na mmoja anakula kwangu. Kisogo chake nakijua, uso wake siujui. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nimechukua Chwele na soko lake lote. Jibu ni mkwe wangu.

Kitendawili hicho alikitunga Wangu, mjane wa Gichuki, muuza miche ya kabeji na sukuma wiki pale Kitale. Mungu alimpa binti mmoja, Nyambu, na Nyambu akaolewa Kamukuywa na Levi Khaemba, fundi wa kujenga. Sasa, kwa akina Levi mwanamume hampi mama mkwe mkono, hasemi naye, wala hali mbele yake. Akimwona njiani, anaingia kwa mahindi ya watu mpaka apite.

Wangu alielezwa hayo siku ya posa. Kichwa kikakubali, moyo ukabaki nyuma, kwa maana kwao mkwe hupewa kiti sebuleni. Basi kila Levi alipokuja, Wangu alimpondea mukimo wa viazi, mahindi na majani ya maboga, Nyambu akampelekea nyuma ya nyumba, na mama akauliza kutoka dirishani:

"Levi, mukimo wangu ni mtamu?"

Sahani ilirudi nyeupe.

"Mama, si nilikwambia hawezi kukujibu," Nyambu alisema.

"Kwani nimemuuliza siri za kwao? Nimeuliza mukimo."

"Sahani si umeiona?"

"Hata kuku husafisha sahani. Nyambu, mimi nitakufa sijui kama huyo mtu ananipenda ama ananivumilia."

Nyambu alicheka, lakini neno hilo aliondoka nalo. Alipofika kwake Kamukuywa, alimbembeleza mumewe. "Mwambie neno moja tu. Hata kwa simu."

"Mimi kumuongelesha mama yako ni kama kumvua kitambaa kichwani mbele ya watu," Levi alisema. "Wacha nimheshimu."

Na alimheshimu. Mvua ikikaribia, alifika Kitale wakati Wangu yuko kanisani, akalima vitalu vyote vya miche, akavifunika nyasi, akaondoka. Wangu akirudi anakuta udongo umelainika kama unga. Alicheka peke yake, akaotesha. Maisha yalikuwa matamu kwake. Ni hilo jibu tu lililokosekana.

Mwaka jana mwezi wa nane, Wangu alikunywa chai, akasema anajilaza kidogo, hakuamka. Miaka sabini na minne, hajalala hospitalini hata siku moja. Watu wa kanisa walisema amekwenda vizuri. Nyambu aliona ni kweli, ila mama alikuwa ameenda bila kujibiwa.

Siku ya mazishi mchungaji aliwaita wakwe waseme. Hiram, ami yake Levi, akasimama na hotuba yake mfukoni. Levi akamshika mkono, akachukua kipaza sauti.

"Mkwe haongei hapa, bana," Hiram alinong'ona. "Unataka kutuaibisha?"

Levi aliligeuzia jeneza mgongo, akatazama shamba la mahindi. Nyambu akashika ukingo wa kiti.

"Mama, uliniuliza kuhusu mukimo," Levi alisema. "Haukuwa mtamu. Sisi kwetu ni ugali, na huo wako ulikuwa unanikwama hapa. Nilikuwa namaliza kila sahani kwa sababu ni wewe umenipikia."