Jiko la Watu Wawili

"Meza ya watu wawili haiwi na urefu wa jeneza, Baba Marion."

"Jeneza tena? Hii ni meza ya jikoni. Watu wanaongeza pesa ili waipate."

"Waongeze. Mimi nimeuliza ni ya nini."

"Ya kukatia vitunguu!"

"Vitunguu vingapi?"

James alipitisha kiganja juu ya ile meza nyeupe iliyosimama katikati ya trela, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyekwisha kumlipia. Serah aliujua mkono ule. Ukianza kupapasa, ujue shauri limeshakatwa kichwani na kilichobaki ni kuambiwa.

Walikuwa wameanza kugombana nyumbani kwao Thamesmead, wakagombana ndani ya handaki chini ya mto, wakagombana London nzima hadi Southall, na sasa walikuwa wanagombana ndani ya trela la mtu. Mwenye trela, Gurdial, alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, hana haraka. Alizaliwa Nakuru, na Kiswahili chake hakijawahi kuhama huko. Uani kwake, nyuma ya reli, alikuwa na matrela mawili ya kuuza, yale makubwa ya kulala watu ambayo shingo yake hupanda na kukaa mgongoni mwa pikapu. Kwa nje yalifanana. Tofauti ilikuwa jikoni.

Hili walilosimama ndani yake lilikuwa na jiko la kuringia: gesi ya mafiga manne, oveni, friji ya milango miwili, na ile meza katikati. Ukibonyeza kitufe, kuta za pande zote mbili zinatoka nje kama droo, na trela linageuka sebule. Lile la pili lilikuwa na kijiko kidogo kwenye kona ya nyuma, mafiga mawili na sinki la kusuuzia vikombe. Mtu mmoja akisimama pale, wa pili hana pa kutia mguu. Serah alilipenda papo hapo, na kwa sababu hiyo hiyo.

Alichotaka alikuwa amekisema tangu Januari, mezani, mbele ya binti yao Marion ili kuwe na shahidi. Likizo ya Agosti asipike. Kazini kwake, katika nyumba ya wazee, alilisha watu kwa kijiko juma zima. Jumamosi ushirika wa Wakenya ulikutana sebuleni kwake, na hawakuwa wakija kula maneno. Sifa ya kuwa na mkono mzuri alipewa mwaka aliofika London, kwa ajili ya sahani moja ya chapati, na tangu hapo hakuupata mlango wa kuitokea. Mtu akiugua, aitwe Serah. Matanga, Serah. Mtoto wa fulani amehitimu, Serah, na tafadhali zile laini. Kila Agosti ushirika ulipiga kambi kwenye shamba moja huko Kent, na Kent yenyewe Serah aliijua kwa mvuke wa sufuria tu. Mwaka huu, alisema, nataka Wales, nataka kukaa kwenye kiti nitazame maji, nile mkate na chai. James alikubali. "Sisi wawili," alisema, na akamshika bega.

"Mama, sikia," Gurdial alisema sasa. "Bishana pole pole, mimi nina siku nzima. Lakini mimi siuzi jiko tupu. Jiko tupu kila mtu anapenda. Leta vyombo yako, panga, funga ukuta kama unasafiri. Halafu chagua. Juzi mtu alichukua bila kupanga, akafika Slough, hapo karibu tu, sahani yote iko chini."

Ndiyo iliyokuwa sheria ya ua wake, na walikuwa wameambiwa kwa simu. Serah alikuwa amekuja na boksi moja. Sufuria mbili zinazoingiana, kikaango, birika, sahani, vikombe, na taulo kuukuu za kazi hiyo. Vizito aliviweka chini. Katikati ya sahani alitia taulo, vifuniko akavisimamisha ubavuni ili visigongane, milango ya friji akaifunga kwa mkanda. Hakuacha hata kijiko juu ya meza. Alimaliza kabla chai ya Gurdial haijapoa, na kila kabati aliyoifungua baada ya hapo ilikuwa tupu, imekodoa macho.

"Unaona? Nusu ya jiko haina kazi."

"Litapata kazi," James alisema, na akashuka.

Serah alimsikia akivua turubai nyuma ya pikapu. Alikuwa amedhani chini yake kuna vifaa vya gari. James alirudi na bando la unga wa mahindi begani. Akashuka tena, akaja na gunia la mchele. Kisha zikaanza kuingia sufuria, zile kubwa za masikio mawili, kila sikio na mstari wa rangi nyekundu. Hakuhitaji kuambiwa ni za ushirika. Alikuwa amezisugua miaka mingi kiasi cha kujua ipi imebonyea chini na ipi inaunguza wali upande wa kushoto. Ya mwisho ilihitaji watu wawili, ikabidi Gurdial aweke kikombe kwenye ngazi.

"Baba Marion."

"Ngoja kwanza tuone kama zinaingia."

"Hizo zinaenda Wales?"

James alikuwa amepiga magoti, anasukuma sufuria kabatini, na aliongea na kabati. "Zinaenda Kent kwanza. Siku nne tu. Halafu Wales."

"Nani amesema?"

"Mama Kerubo aliniomba pale ushirikani, mbele ya watu wote. Ningesemaje?"

"Ungesema hapana."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ndipo hapana inaposikika."

"Serah, ni watu themanini!" Aliinuka, jasho likimtoka, na uso wake ulikuwa umejaa nia njema. Hilo ndilo lililomchosha Serah kuliko yote. "Mwaka jana mvua iliwanyeshea mkipika pale nje. Ukalia. Nikasema mke wangu hatapika tena kwenye mvua. Nimekutafutia jiko lenye paa, lenye friji, lenye meza ya kina mama wanne kuzunguka, na bado unaniita mwongo?"

"Sikumwita mtu mwongo. Nilisema sitaki kupika."

"Lakini wewe unapenda kupika."

"Nani alisema?"

"Kila mtu anasema!"

Gurdial alikohoa. "Sasa tufunge? Mtu moja abaki ndani asikilize. Kitu ikigonga, ajue ni gani."

"Mama Marion atabaki," James alisema. "Yeye ndiye anavijua vyombo."

Alibaki. Si kwa kuwa alitumwa, ila hakutaka kusimama nje bega kwa bega na mtu yule. Ile sufuria kubwa kuliko zote haikuingia kabati yoyote, na James alikuwa ameiacha sakafuni ubavuni mwa meza. Serah alisimama mbele ya sinki, mgongo wake kwenye sinki, meza mbele yake, akasubiri.

Kitufe kilibonyezwa kule nje. Ukuta wa nyuma yake, wenye gesi na sinki na friji na kabati zote, ulianza kusogea ndani, na yeye akasogea nao. Ukuta wa upande wa pili ulileta kochi hadi likagusana na meza. Mwanga ukapungua. Friji ilipita mwisho wa meza ikaziba njia ya kulia. Kabati ndefu ikaziba ya kushoto.

"Basi," alisema.

Injini ya kuta ilikuwa inanguruma.

"Basi, nimesema! Basi!"

Ukuta uliifikia ile sufuria ya sakafuni, ukaisukuma, ukaibana kwenye mguu wa meza. Bati lililia. Kitu kilipiga kelele chini ya sakafu, taa zikazimika, na kila kitu kikasimama.

Serah alivuta pumzi, akaona haijai. Meza ilikuwa tumboni na ukingo wa sinki kiunoni. Juu ya meza kulining'inia kabati nyingine, na nafasi iliyobaki katikati ingepitisha sinia, si mwanamke wa umri wake. Alijaribu kuinua goti. Halikuinuka.

"Mama Marion! Uko sawa?"

"Sijafa."

"Kitu imevunjika?" Gurdial aliuliza.

"Bado."

Walizunguka trela, wakainama, wakaongea. Sauti ya Gurdial ilikuja kupitia ukutani. "Fyuzi imekwenda. Tutazungusha na mkono. Lakini huyu ukuta imebeba unga, mchele, sufuria yote, na inabana ile kubwa. Mkono haitaweza. Mzigo itoke kwanza."

"Utokee wapi?" James aliuliza. "Mlango umezibwa na kochi."

"Kuna dirisha ya sinki. Iko pana. Ngoja, naleta mpini ndani ya stoo."

Serah alijigeuza kidogo kidogo, ameshika pumzi, bega kwanza, kisha nyonga, hadi sinki likawa mbele na meza mgongoni. Alisukuma kioo cha dirisha, kikateleza. Hewa ya nje iliingia na harufu ya dizeli na bizari kutoka mahali fulani kule barabarani. James alikuwa amempa mgongo, karibu tu, simu sikioni.

"Eeh, Mama Kerubo. Jiko limepatikana. Mafiga manne, na oveni." Akacheka. "Aaa, hana neno kabisa. Amefurahi sana. Yuko hapa ndani, anapanga vyombo."

Treni ilipita nyuma ya ukuta wa ua, ndefu, ya zambarau, na Serah aliisikiliza hadi ikaisha. Alingoja hasira ipande. Haikupanda. Kilichokuja ni ubaridi, kuanzia miguuni, kwa sababu James hakuwa anadanganya. Aliamini. Na Mama Kerubo aliamini, na wote themanini, na Agosti ijayo wangeamini vilevile, na ile nyingine, na yeye angekuwa ndani mahali fulani kati ya sinki na meza, huku nje sauti ya mtu ikisema hana neno.

"Baba Marion. Nipe simu."

James aligeuka, akaona uso wake dirishani. "Ngoja, namalizia kidogo..."

"Nipe simu."

Akampa. Labda alidhani anataka kusalimia.

"Mama Kerubo, hujambo."

"Sijambo, dada yangu! Mungu akubariki. Tulikuwa tunasema hapa, bila wewe kambi si kambi."

"Mama Kerubo, mimi sipiki mwaka huu."

Mama Kerubo alicheka. "Wacha mzaha, Serah."

"Si mzaha. Sipiki, na siji Kent."

"Lakini James amesema..."

"James anaweza kuja. Ana mikono miwili, na ninyi mko themanini. Sufuria zenu atawarudishia leo."

Sauti ya Mama Kerubo ikashuka, ikawa ya upole kweli. "Dada, kuna jambo? Tumekukosea?"

Hapo nusura ateleze. Hakuna aliyemkosea. Kila mmoja alikuwa ameomba tu, kwa heshima, na asante juu, na yeye alikuwa amejibu ndiyo kila mara.

"Hamjanikosea," alisema. "Sipiki tu."

Alirudisha simu bila kuikata. James aliishika mbali na sikio kana kwamba ingemwagika, akasema tutaongea, tutaongea, akaizima.

"Umeniaibisha, Serah."

"Ndiyo."

"Na nimekwambia ni siku nne!"

"Nimesikia."

Gurdial alikuja na mpini mrefu wa chuma na kopo la grisi. Serah alimwita kabla hajainama.

"Bwana Gurdial. Tunachukua lile lingine. La jiko dogo."

"Mama, hata wewe hujatoka ndani ya huyu!"

"Nitatoka. Wewe rudisha pikapu nyuma, ulifunge."

Gurdial alimtazama James.

"Usimtazame yeye. Pikapu ni yetu wote, na leo ninaendesha mimi. Funguo ziko kwenye koti langu, hapo kwenye ngazi."

"Sawa, sawa. Lakini trela ikikaa mgongo ya pikapu, nyuma hakuna nafasi. Na lile jiko dogo haiwezi chukua sufuria ya harusi. Hii yote itakaa wapi?"

"Hizo si zangu."

"Serah!" James alikuja hadi chini ya dirisha, ameinua uso. "Nitazifikishaje mimi Thamesmead?"

"Kuna treni hapo nyuma. Inakufikisha Abbey Wood, karibu na kwetu, bila kubadilisha."

"Na sufuria? Kwenye treni?"

"Watu wanabeba baiskeli."

Gurdial aliinama haraka kama aliyeangusha kitu, mabega yakimtikisika, kisha akaenda ngazini kuchukua funguo.

Kule ndani, kabati iliyo karibu na goti lake ilifunguka nusu. Serah aliingiza mkono kwa upofu, akapata sikio la bati, akavuta. Sufuria ilikwama, akaizungusha, ikatoka. Aliipandisha ikimkwaruza tumbo, akaiweka juu ya sinki, akaisukuma dirishani.

"Pokea."

James hakuinua mikono. "Tuongee kwanza. Ushuke, tuongee kama watu."

"Nitashuka hizi zikiisha. Pokea."

Aliendelea kusukuma. Sufuria ilitoka nje nusu, ikazidi nusu, ikaanza kuinama. James aliitazama, akamtazama yeye, na ilipoanza kuteleza aliidaka kwa kifua na mikono, akapepesuka.

Serah alikuwa ameshaingiza mkono kabatini kutafuta ya pili. Pikapu iliwaka upande wa pili wa ua.