Nyungunyungu wa Nchi ya Baridi

Teresina alikuwa mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisa kuu la Kator, bibi wa wajukuu saba, na mla udongo. Mambo mawili ya kwanza yalijulikana na watu wote. La tatu alilijua Kaltun peke yake, mwenye duka kule Munuki, ambaye alimfungia vipande vyake vya udongo wa kula ndani ya gazeti, akaweka paketi ya sukari juu, na kumkabidhi bila hata kutabasamu.

Tabia hiyo aliipata ukimbizini Uganda alipokuwa na mimba ya Florence. Mimba iliisha, hamu ikabaki.

Sasa Florence naye alikuwa amejifungua, na Teresina akahamia kwake, mtaa wa Gurei, kumsaidia kulea. Wiki hiyohiyo lori la mzigo wa Kaltun likakwama kwenye matope, njia ya Nimule itokayo Uganda.

"Mama, udongo kalas, umekwisha," Kaltun alimwambia kwenye simu. "Vumilia wiki mbili hivi."

Wiki mbili! Teresina alikaa siku mbili akimeza mate. Siku ya tatu aliliona kopo juu ya kabati.

Lilikuwa la mkwewe, Ivan, mume wa Florence, mtaalamu wa malisho. Ivan alikuwa ametoka mafunzoni katika nchi ya mbali, chini ya milima, mahali pakavu penye baridi ambapo, kwa maneno yake, mbuzi wana manyoya mpaka kwenye kope. Alirudi na kopo moja la udongo wa huko, akalifunga kwa utepe kama mtu aliyeleta manukato.

Teresina alikusudia kunusa tu. Lakini udongo ule ulinukia mvua ya kwanza. Akaonja punje. Ulikuwa laini, wenye uchachu kidogo, na katikati yake changarawe ndogondogo za kutema. Siku ya nne koponi zilibaki changarawe tupu, safi kama zilizooshwa.

Jioni hiyo Ivan akatangaza mezani, "Alhamisi nauonyesha ule udongo ofisini. Wafugaji nao watakuja."

Teresina alirudisha tonge sahanini. Kwa heshima ya ukwe hakuwahi kusema na Ivan moja kwa moja, hata wakiwa chumba kimoja. "Florence," alisema, "muulize mume wako, wataangalia sana, ama wataangalia kidogo?"

"Sana, Mama," Ivan alijibu, macho yake chini.

Kulipokucha Teresina alikwenda nyuma ya choo na kijiko, akachimba udongo wa Gurei, akauchanganya na zile changarawe, akalijaza kopo na kurudisha utepe. Kwa macho ulifanana kabisa.

Jumatano Ivan akataka kufanya mazoezi ya maelezo yake. Aliwaketisha mkewe na mama mkwe wake sebuleni, akaumwaga udongo kwenye sahani.

"Huu ni udongo wa mfinyanzi wenye changarawe," alianza. "Kina chake kifupi, ukichimba hufiki magotini umegonga mwamba. Una chokaa. Nikitia siki, utatoa povu." Akatia siki. Udongo ukanyamaza. Akaongeza. Badala ya povu, akatokea nyungunyungu mmoja mwekundu, mnene, akijinyonganyonga kwa hasira.

Teresina alifumba macho akaomba Mungu amchukue.

"Florence!" Ivan alipiga kelele. "Unaona? Wiki tatu ndani ya kopo lililofungwa! Ametoka kwenye baridi kali, kavu, na yuko hai! Hakuna mtu duniani aliyemwona huyu!"

Alimsafisha siki kwa maji ya chupa. Kisha, kwa kuwa mgeni alizoea baridi, akakimbia kununua barafu, akamlaza ndani ya beseni juu ya leso ya mtoto. Nyungunyungu akaanza kukakamaa.

"Amestarehe," Ivan alisema kwa upole, na kutoa simu. "Nampiga picha, nimtumie mwalimu wangu. Nadhani watampa jina langu."

Hapo Teresina akasimama. Miaka sita ya ukwe, na leo ndiyo siku ya kwanza alipomwangalia Ivan usoni.

"Ivan, mwanangu, usitume. Huyo si mgeni. Huyo ni wa hapa, nyuma ya choo."

"Mama?"

"Ule udongo wako mimi nilikula."

"Wote?"

"Mawe niliacha."

Florence alijifunika uso kwa nepi akatetemeka kwa kicheko. Ivan alikaa chini taratibu. Alimwangalia mama mkwe, akaliangalia beseni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ulikuwa na ladha gani?"

"Chachu kidogo. Na nilipokunywa maji ya ukwaju juu yake, tumbo lilijaa povu. Nilicheua mpaka mtoto akaamka."

"Chokaa!" Ivan aliruka. "Nilisema una chokaa!" Akashika kalamu, na kwa saa nzima akamhoji: ulishika ulimi? Uliyeyuka haraka? Florence ndiye aliyemrudisha nyungunyungu bustanini, kabla barafu haijamuua.

Alhamisi walikwenda wote. Ivan alionyesha changarawe na picha alizopiga kule, akaeleza kuwa udongo wenyewe "uliishia kwenye uchunguzi." Wakubwa waliitikia kwa vichwa, maana chai ilikuwa imefika. Ila mfugaji mmoja mrefu, Mathiang, alinyoosha mkono.

"Nchi yenye udongo huo, mbuzi akifika atafanya nini? Ataulamba?"

Ivan alifungua daftari, akapekua. Hilo hakuliandika.

Kutoka kiti cha nyuma, akiwa na mtoto mgongoni, Teresina alisema kwa ile sauti yake nzito ya kwaya, "Ataulamba. Na ukimfukuza, atarudi."

Mathiang aligeuka, akamtazama kwa heshima kubwa, akaandika.