Kimya cha Farquhar Dunnet

Kodiani ilianza kulia wakati mji mzima umeinamisha kichwa. Ilikuwa ngoma ya harusi, ile ya kuzunguka na kupiga visigino, na ilitoka kwenye spika zote za uwanja wa Inverluig kwa nguvu ambayo hatukujua kama spika zile zinayo. Wazee wenye nishani hawakutikisika. Mchungaji alifumbua jicho moja. Mvua ilikuwa inanyesha, mashada ya maua mekundu yamepangwa chini ya mnara wa mashujaa, na kodiani inacheka juu ya yote hayo kama mlevi aliyeingia msibani.

Niliyaona kutoka juu, kwenye dirisha la redio yetu, ghorofa moja juu ya duka la mikate, kwa sababu goti langu lilikataa kusimama mvuani. Chini, mbele ya kipaza sauti, alisimama Farquhar Dunnet, mtangazaji wetu na mgombea wangu. Jina langu ni Una, nami ndiye niliyekuwa meneja wa kampeni yake. Kiti cha ubunge kilikuwa wazi, uchaguzi mdogo ulikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe upande wetu ulikuwa na mtu wa kushinda.

Wengi walimpenda kwa mdomo wake, na huo mdomo haukuwa na breki. Kila asubuhi aliwasomea watu habari za kivuko kilichoahirishwa, mazishi, na kondoo aliyepotea, na akikusomea kondoo aliyepotea ungetamani kuvaa buti ukamtafute. Mama yake alikuwa akisema mkunga alimpiga kofi ili alie, kisha wakahitaji kofi la pili ili anyamaze. Mwisho wa juma alivaa magwanda ya jeshi la akiba, akapanda vilima na vijana wa wilaya, na waliokuwa hawampendi walimwita askari wa Jumamosi. Waliacha kumwita hivyo alipopelekwa vitani Basra na vijana wale wale. Alirudi nao, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Alasdair, mtoto pekee wa Dougal Swanson, fundi mitambo wa redio, na mkewe Jessie. Farquhar ndiye aliyekuwa kapteni wake. Na Jumapili ile ya kumbukumbu ya waliokufa vitani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jina la Alasdair kusomwa pamoja na majina ya kwenye mnara.

Sasa, redio inaogopa kimya kuliko kitu chochote. Pale studioni palikuwa na kisanduku tulichokiita Mlinzi. Kikisikia kimya kwa muda, kiliamini matangazo yamekufa, na papo hapo kilipiga kanda ya dharura. Mzee aliyeanzisha redio alipenda kucheza, basi kanda yenyewe ilikuwa ya kodiani. Kila mwaka, kabla ya zile dakika mbili za kimya, Dougal alikuwa anamzima Mlinzi kwa swichi moja ya chuma. Hiyo ilikuwa kazi yake, hakuna mwingine aliyeigusa.

Nilimwona asubuhi ile. Jina la mwanawe liliposomwa, alivua visikizio vya masikioni, akainuka, akaenda dirishani. Alisimama pale mikono imelegea. Nilitazama pembeni, kwa maana kuna nyuso ambazo si haki mtu kuzitazama. Kengele ikagonga, kimya kikaingia, na baada ya muda Mlinzi akafanya alichotengenezewa kufanya.

Dougal aliruka, akang'oa waya kwa mkono mzima. Muziki ukakatika. Alikuwa mweupe kama unga wa lile duka la chini. Kisha spika zikatoa sauti ya Farquhar, tulivu, kama anayesoma habari ya kivuko.

"Ndugu zangu, kosa hilo ni langu. Kuna swichi ya kuzima kabla ya kimya, nami nimeshuka bila kuizima. Nawaomba radhi, ninyi na wao. Tuanze upya."

Akavua kofia, akainamisha kichwa, na mji ukaanza upya.

Jioni tulikutana jikoni kwa Farquhar, yeye, Dougal na mimi. Nilikuwa nimechemka. Nilimwambia kesho yake asubuhi atangaze ukweli, aeleze jambo la baba na mwanawe, nani angekosa kuelewa? Dougal mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, kofia mapajani.

"Una anasema kweli, Kapteni," alisema. "Nitasimama mwenyewe niseme. Ni mimi."

"Hutasema kitu, Dougal."

"Watakumaliza."

"Wanimalize. Bwana wewe, leo limesomwa jina la Alasdair kwa mara ya kwanza. Kila mwaka litasomwa. Unataka Jessie akilisikia akumbuke mwanawe, au akumbuke watu wakikunyooshea kidole?"

"Na kiti cha ubunge je?" niliuliza. "Watu wamekufanyia kazi mwaka mzima, Farquhar. Miguu yangu imekufanyia kazi."

"Najua, dada yangu."

"Hujui lolote. Una kichwa kigumu kama mlango wa kanisa."

Alicheka kidogo, kisha uso ukabadilika. "Mimi nilimpeleka kule, Una," akasema. "Mimi nikarudi."

Nilikasirika hivyo hivyo, sifichi. Sina subira na watu watakatifu, hasa wakiwa wagombea wangu.

Wiki zilizofuata simtakii hata adui. Wapinzani hawakuhitaji hata kulipia mabango; mtu mmoja sokoni alisema, "Yule hata kwa maiti hanyamazi," na maneno hayo yakaenea wilaya nzima kabla ya chakula cha mchana. Vijana walimpita barabarani wakijifanya wanapiga kodiani. Mzee Wattie, aliyekuwa na nishani kuliko wote, aliyemfundisha Farquhar kufunga kamba za buti za jeshi, alimpa mgongo mbele ya posta. Nilimwona Farquhar akisimama pale akitazama mgongo ule, kisha akaugusa ukingo wa kofia yake kwa heshima na kuendelea.

Kwenye nyumba moja ya pwani tulikokwenda kuomba kura, mwanamke alitufungulia mlango nusu.

"Mume wangu alikuwa anasikiliza kitandani," alisema. "Hawezi tena kwenda mnarani. Alijitahidi akaketi wima kwa ajili ya kile kimya. Ukamwekea ngoma."

Nilifungua mdomo. Farquhar alinishika kiwiko.

"Ni kweli, mama," alisema. "Mwambie naomba anisamehe."

"Mwambie mwenyewe."

Akaingia, akaketi kando ya kitanda cha yule mzee mpaka chai ikapoa. Sikumsikia akijitetea hata kwa neno moja. Mimi nilibaki sebuleni nikiuma ulimi, nikijua kwamba sentensi moja tu kutoka kwangu ingetupatia kura za ile nyumba, na za nyumba zote za mtaa ule.

Tulishindwa kwa kura chache sana. Walitangaza matokeo asubuhi katika ukumbi wa shule, na hotuba yake ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kutoa: alimpongeza mshindi, akawashukuru wapishi wa supu. Nililia ndani ya gari langu kwa hasira.

Redio haikumrudisha hewani mara moja, basi majira yale ya baridi alikaa akiandika. Kikatoka kitabu kuhusu watu wa pwani yetu, kizuri mno hata mimi nikakimaliza, na baadaye vikatoka vingine. Katika kimoja alisimulia ile Jumapili, kwa ucheshi, na kosa la swichi lilikuwa bado lake. Aliendelea kuwafundisha vijana wa jeshi la akiba mpaka magoti yakamkataa kama langu. Uchaguzi uliofuata alishinda. Bungeni alisumbua mawaziri kuhusu pensheni za wajane wa askari mpaka wakawa wanakwepa kukutana naye kwenye ngazi. Wakamtania kwa ile kodiani mpaka mwisho, naye alicheka nao.

Na kila mwaka, siku moja baada ya Jumapili ya kumbukumbu, Jessie Swanson alimpelekea pudingi ya zabibu iliyochemshwa kwenye kitambaa, bado ya moto. Nilidhani ni kwa kuwa alikuwa kapteni wa mwanawe. Siri ya swichi, kwa hesabu yangu, ilikuwa ya watu watatu tu.

Farquhar alikufa mwaka jana, masika, usingizini, jambo ambalo nadhani lilimuudhi, maana hakupata nafasi ya kusema neno la mwisho. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama makaburini chini ya mvua. Redio ilitangaza mazishi moja kwa moja, na aliyeketi kwenye mitambo, kando ya mimbari, alikuwa Dougal, mzee sasa, mgongo umepinda. Siku hizi kila kitu kimo kwenye kompyuta, lakini alikuwa ameiunganisha tena ile swichi ya chuma.

Mchungaji alisema tutakaa kimya kwa heshima ya marehemu. Dougal akazima swichi. Akaitazama. Akaigusa tena kwa kidole, akaitazama tena.

"Anadhani sijui," Jessie, aliyeketi kando yangu, alininong'oneza.

Niligeuka nikamtazama. "Unajua nini?"

"Una, usinifanye mtoto."

"Toka lini?"

"Toka siku ile ile. Waliposoma jina la Alasdair niliinua macho dirishani kumtafuta Dougal, nikamkuta ananitazama. Tukatazamana hivyo mpaka muziki ukaanza." Aliweka kofia yake sawa. "Mtu anayekutazama namna ile ataikumbukaje swichi?"

"Na hukumwambia Dougal?"

"Farquhar alihangaika sana kutufichia. Ningemharibiaje kazi yake?"

"Kwa hiyo ile pudingi..."

"Ulidhani ni kwa sababu ya kura?"

Mchungaji aliinua mkono. Dougal akaiacha swichi, akanyanyua macho, akamtafuta mkewe kati ya watu wote wale mpaka akampata. Kanisa likanyamaza, hakuna aliyekohoa, na majumbani waliokuwa wanasikiliza walisikia mvua juu ya paa.