Kaya Sifuri za Mrurumo

1.

Jumatatu, saa 3:20 asubuhi. Ofisi ya Takwimu, Wilaya ya Vukome. Mezani kuna karatasi mbili zinazopingana.

2.

WILAYA YA VUKOME: MAELEZO MAFUPI
(rasimu ya mwisho, imesainiwa)

Mahali: bonde moja, mto mmoja, milima pande zote mbili.
Mwinuko: mita 610 darajani, mita 2,080 msituni.
Mazao: tangawizi, iliki, maharage, ndizi.
Mji: Senjaro. Chuo kikuu, hospitali, stendi.
Wakazi wa mji: 19,400 (chuo kikifungwa: 9,700).
Vitongoji: 38.
Mstari wa 27: Mrurumo. Kaya: 0. Maelezo: kimehamwa.

3.

Karatasi ya pili imeandikwa kwa mkono.

*Kwa Afisa Takwimu. Naomba unisaidie kuthibitisha idadi, ili tupewe madawati. Shule shikizi ya Mrurumo ina wanafunzi 63. Wanaokaa sakafuni ni wote. Mwl. Kiondo.*

4.

Namsifu Mbwambo alizisoma zote mbili, akazisoma tena. Alikuwa mtakwimu wa wilaya kwa miaka kumi na mmoja. Wenzake walimwita Rula, mara nyingi akiwa hayupo, siku nyingine akiwapo, naye hakuona tusi ndani yake. Rula haina shida na mtu. Inasema tu mstari umepinda wapi.

Mstari wa 27 ulikuwa umepinda. Na sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa ilikuwa yake.

Sifuri haizai watoto sitini na watatu.

5.

TANGAZO

Baraza la Madiwani litakutana Ijumaa, saa 4:00 asubuhi.
Ajenda Na. 6: Chemchemi ya Mrurumo. Kwa kuwa chanzo hicho hakina watumiaji (rejea Maelezo Mafupi, mstari wa 27), inapendekezwa maji yote yavutwe kwa bomba hadi Senjaro.

Yote.

6.

Foleni ya bombani, hosteli ya wasichana, Senjaro:

— Dada, hiyo ndoo iko foleni tangu jana au umeiweka pambo?

— Ndoo yangu inasomea shahada ya kusubiri. Iko mwaka wa pili.

— Wanasema huko juu kuna chemchemi haina mwenyewe.

— Maji yasiyo na mwenyewe, milimani kwetu? Wewe umezaliwa wapi?

7.

Aliyejaza dodoso la Mrurumo alikuwa Ombeni, mwanafunzi wa jiografia, mwaka wa tatu. Namsifu alimwita ofisini.

"Ulifika?"

"Nilifika, mama. Alhamisi, tarehe kumi na mbili."

"Ukamkuta nani?"

"Hakuna mtu. Milango yote imefungwa. Nilipiga hodi nyumba kwa nyumba, mama, hata mbwa hakuniitikia."

"Ukarudi siku nyingine?"

Ombeni alitazama viatu vyake.

"Dodoso lina 'hayupo' na lina 'kimehamwa'. Nikasema, akikosekana mmoja, hayupo. Lakini wakikosekana wote..."

Kijana hakuwa amedanganya. Alikuwa ameandika alichokiona. Hilo ndilo lililomsumbua Namsifu.

8.

Bwana Senkondo, Afisa Mipango, hakuinua kichwa kutoka kwenye faili.

"Namsifu, ukitaka kubadili mstari siku nne kabla ya baraza, niletee ushahidi. Usiniletee huruma."

"Huruma nimekuletea lini?"

Hapo akainua kichwa, akacheka. "Kweli. Chukua gari. Lakini liko huru Alhamisi tu."

0.

Alhamisi, saa 3:05 asubuhi. Mrurumo.

Watu:

hakuna.

Milango: 41, yote imefungwa, kila mmoja umeegemezewa kijiti.
Jivu la mekoni: la moto.
Nguo kambani: zinachuruzika.
Kuku: wapo, mmoja amefungwa mguu.
Majembe: hakuna. Hata moja.

Wewe unayesoma, umesimama uani na kalamu mkononi. Ungeandika nini? Ombeni aliandika sifuri. Namsifu aliandika *majembe?* na chini yake akapiga mstari.

Kisha, kutoka juu ya migomba,

gunda.

9.

Pembe ya mnyama, ikipulizwa na mtu mwenye mapafu mazima. Namsifu aliufuata mfereji kuelekea sauti, maji yakishuka, yeye akipanda, hadi mahali ambapo mlima umekatwa mfano wa bakuli.

Ndiva. Bwawa la udongo linalotunza maji ya chemchemi kabla hayajagawiwa mashambani. Siku hiyo lilikuwa limekaushwa, na ndani yake kitongoji kizima kilisimama kwenye tope hadi magotini, kikizoa mchanga. Wazee walikuwamo. Mwalimu Kiondo alikuwamo, na wanafunzi wake wakipokezana karai.

Mwanamke mmoja mwenye kanga iliyofungwa kiunoni kama mkanda alimwona kwanza. Alikuwa Mama Nakundwa, msimamizi wa ndiva.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutazama, au umekuja?"

"Nimetoka wilayani. Nimekuja kuhesabu kaya."

"Basi vua viatu. Hapa hahesabiwi mtu mkavu."

Watu wakacheka. Namsifu alitazama viatu vyake vya ofisini, akatazama tope, akavivua. Saa nzima alizoa mchanga. Alizoa vibaya, na waliokuwa karibu naye hawakumficha.

"Jamani, mpeni rula apime!" Hakujua jina hilo lilifikaje huku juu.

Walipopumzika aliuliza: "Kwa nini hamkumwacha hata mmoja nyumbani amjibu mgeni?"

"Mgeni gani huja Alhamisi?" Mama Nakundwa alistaajabu kweli. "Alhamisi ni msaragambo, kazi ya kitongoji kizima. Gunda likilia, anayesamehewa ni mfiwa na mzazi wa arobaini. Wafiwa hatuna, Mungu ashukuriwe. Mzazi ni yule pale, tumemfukuza mara mbili anarudi."

"Kuna kijana alikuja tarehe kumi na mbili."

"Tulimsikia! Hodi, hodi, hodi, kama anauza samaki. Tukasema, akichoka na hodi ataufuata mfereji. Hakuufuata." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Tukajua huyo amelelewa na bomba."

10.

Kazi ilipokwisha, kila kaya iliyoingia topeni iliweka jiwe moja juu ya tuta. Hilo ndilo daftari lao.

Namsifu alihesabu mawe: 41.
Akayahesabu tena kutoka upande wa pili: 41.
Milango: 41.

"Na lako liko wapi?" aliuliza Mama Nakundwa, akimnyooshea jiwe.

"Mimi si kaya, mama. Anayehesabu hajiongezi."

"Na hilo tope miguuni ni la nani?"

Namsifu alilipokea lile jiwe, lakini hakuliweka tutani. Alilitia mkobani.

11.

MUHTASARI WA KIKAO, IJUMAA (dondoo)

6.1 Mtakwimu alisema takwimu ya mstari wa 27 si sahihi. Kosa ni lake, kwa kuwa sahihi ni yake.

6.2 Mhe. Diwani wa Senjaro Mjini alisema wanafunzi wanaoga kwa kikombe, na baraza haliwezi kunyima mji maji kwa ajili ya hesabu ya mawe.

6.3 Mtakwimu alijibu kwamba chemchemi ina kaya 41 zinazoitumia. Kama maji yanatosha juu na chini, hajui, na hakuna mjumbe anayejua, kwa sababu hayajapimwa.

6.4 Wajumbe walifungua tena Maelezo Mafupi, mstari wa 27.

6.5 Mhe. Diwani wa Senjaro Mjini aliuliza wanaweza kwenda kuona lini.

6.6 Mtakwimu: "Alhamisi."

AZIMIO: Ajenda imeahirishwa. Wajumbe sita watakagua. Mwanafunzi Ombeni, kwa ombi lake, atapima mtiririko.

Nyongeza, kwa mwandiko mwingine: *Wajumbe waje na majembe.*

12.

Bombani:

— Wameahirisha.

— Wanakwenda kuyapima kwanza.

— Afadhali. Niachie ndoo yangu hapo hapo, bado haijahitimu.

13.

MAREKEBISHO

Mstari wa 27: Mrurumo. Kaya: 41. Maelezo: ~~kimehamwa~~ Alhamisi wako ndivani.

14.

Alhamisi, saa 12:40 asubuhi. Gunda limelia.

Saa 2:15. Gari la halmashauri limefika mwisho wa barabara. Wajumbe sita wameufuata mfereji. Ombeni ametangulia na ndoo na saa ya mkononi. Hakupiga hodi popote.

Saa 2:50. Mhe. Diwani wa Senjaro Mjini amevua viatu.

Saa 6:30 mchana. Kaya, 41. Wajumbe, 6. Ombeni, 1. Mkoba wa mtakwimu: mtupu.

Mawe juu ya tuta, yakihesabiwa kutoka kila upande:

49.