Mtungi Ulionyimwa Jua

Mwaka ule Seoul ilipokuwa ikijipamba kwa ajili ya Mashindano ya Asia, Bun-nye alikabidhiwa mtungi. Mama mkwe wake, Bibi Cho, alikuwa amepooza upande mmoja tangu majira ya baridi, na mkono wake wa kulia ulining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa.

"Kuanzia leo ni wako," Bibi Cho alimwambia. "Ukiharibika, umeharibikia mkononi mwako."

Haukuwa mtungi wa maji. Ndani mlikuwa na mchuzi wa soya, mweusi kama lami, ambao Bibi Cho naye alipewa na mama mkwe wake, akaubeba kichwani wakati wa vita kutoka kaskazini. Kila mwaka mchuzi mpya ukiiva, ulitiwa humo kidogo, na mtungi haukuwahi kukauka. Kazi ya mke wa nyumba ni kuufunua jua likitoka, kuufunika kabla mvua haijashuka, na kuufuta mdomo kwa kitambaa safi. Bun-nye, aliyeishia shule ya msingi na kuonekana na watu kuwa mzito wa maneno, aliipenda kazi hiyo. Alijifunza kuyasoma mawingu. Mumewe alikuwa Uarabuni akichanganya saruji, na akirudi, kitu cha kwanza angeulizia ni mchuzi wa kwao.

Mtaa wao wa mbao na mabati ulikuwa umejishikiza ubavuni mwa kilima. Chini yake ilipita barabara ambayo mabasi ya wageni wa mashindano yangeitumia. Kila nyumba ilipanga mitungi yake mbele, juu ya mawe, mahali jua linapopiga kutwa.

Kabla ya masika kuanza akaja Bwana Pyo, mjumbe wa mtaa, na kofia mpya kichwani.

"Mitungi iondoke mbele, ifichwe nyuma chini ya turubai," alisema. "Mtu akiitazama kutoka barabarani, anaona ombaomba waliochuchumaa."

"Ombaomba ni wewe unayekuja kula kwangu kila Jumapili," alijibu Mama Gil-ho, jirani yao. "Ukiwa na kijiko mkononi huoni kama mitungi hiyo ni michafu."

Watu walicheka. Bwana Pyo hakucheka.

"Cheka, Mama Gil-ho. Wabomoaji wanakuja. Nyumba zenye utii zitaachwa, zenye kiburi zitalala chini. Wakubwa wameniahidi."

"Mkubwa gani? Mtaje jina."

"Wakubwa hawatajwi majina."

Jioni hiyo Bun-nye alianza kuchimba shimo nyuma ya choo. Bibi Cho alijikokota hadi mlangoni.

"Soya bila jua inakufa, mtoto. Usifanye."

"Na nyumba je, mama? Mwanao akirudi atalala wapi, ndani ya mtungi?"

Hakuwahi kumjibu mama mkwe wake hivyo. Bibi Cho aligeuza uso ukutani, na Bun-nye akaendelea kuchimba. Aliushusha mtungi shimoni akiukumbatia kama mgonjwa, akaufunika kwa turubai la nailoni jinsi Bwana Pyo alivyoelekeza.

Mvua ikaja, ikakaa. Siku jua lilipochungulia, Bun-nye alikimbilia nyuma ya choo akavuta turubai. Hapo hapo akasikia sauti ya Bwana Pyo, akimwita kama mtaa mzima ulivyomwita tangu aolewe: "Bi harusi! Nyumba za juu zote zinauona huo mtungi! Unataka kuwaponza wenzako?" Akafunika. Safari nyingine alimkuta mjumbe amesimama pale pale, akimsifu mbele ya watu: "Huyu ndiye raia. Mngekuwa wote kama huyu!"

Mama Gil-ho hakuondoa hata mfuniko. Mitungi yake ilibaki mbele, iking'aa, akiifuta huku akipiga kelele kuvuka ukuta: "Wewe bi harusi, hao wageni wametoka Asia nzima! Unadhani kwao hawana mitungi?"

Bun-nye alitamani kucheka. Lakini alikuwa ameona utando mweupe juu ya mchuzi, na maji ya mvua yaliyopenya kutoka kwenye udongo. Aliengua ule utando kwa upawa, akauchemsha mchuzi kidogo kidogo, akaurudisha. Utando ukarudi. Hakumwambia mtu.

Mashindano yalipofika, mtaa wote ulizibwa kwa uzio wa turubai lenye picha za maua. Bun-nye aliweka jicho kwenye tundu. Alitaka kuwaona watu waliomfanya afukie mtungi. Mabasi yalipita mapazia yamefungwa. Dirisha moja tu lilikuwa wazi, na ndani yake mwanamume amelala, mdomo wazi.

Mwenge ukazimwa, wageni wakaondoka. Kabla umande haujaanza kuganda, wabomoaji wakapanda kilima na nyundo zao. Walianzia kwake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na barabara.

"Sisi tulitii," Bun-nye alimwambia msimamizi wao. "Muulizeni Bwana Pyo."

"Pyo ndiye nani?"

Nyumba ya Bwana Pyo ilikuwa tupu tangu wiki iliyopita.

"Mimi nimeambiwa kilima, dada," alisema msimamizi, bila hasira. "Sikuambiwa nyumba."

Kabla ya adhuhuri nyumba ya utii na nyumba ya kiburi zilikuwa vumbi moja. Bibi Cho aliketi juu ya blanketi. Bun-nye akautoa mtungi shimoni, akauweka mbele yake. Mama mkwe akachovya kidole cha mkono wa kushoto, akaonja, kisha akakifuta ardhini kama mtu anayefuta kamasi.

Mama Gil-ho, ambaye mitungi yake ilikuwa imekwisha pakiwa kwenye mkokoteni, alijaza chupa mchuzi wake mweusi, mzito, akamnyooshea Bun-nye.

"Chukua huu uwe mbegu ya mchuzi wako, anza upya. Sikucheki."

Bun-nye alinyoosha mkono.

"Huo ni wa kina Gil-ho," alisema Bibi Cho. "Mrudishie."

Alirudisha.

Mumewe aliporudi kutoka Uarabuni aliwakuta kwenye hema, ng'ambo ya mto. Bun-nye alimtilia supu. Akaonja, akaweka kijiko chini.

"Mama, mbona hii ladha si yetu?"

"Muulize mkeo," alisema Bibi Cho. "Wa kwetu aliuficha, wageni wasiuone."