Magunia Tisa ya Waridi

Maua yetu yalikuwa makubwa kama vibakuli, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yetu.

Mtu asiyejua angetupongeza. Wapita njia walikuwa wanasimama kwenye ua wa seng'enge na kupiga picha, nami nawakunjia uso, maana waridi letu si la picha. Ni waridi la mafuta. Linachumwa, linachemshwa ndani ya pipa la shaba, mvuke wake unapita kwenye bomba lililozama katika maji baridi, na mwisho wa kazi yote hiyo unapata mafuta kidogo yanayoelea juu ya maji. Ya kwetu mwaka uliopita yalikuwa kidogo hata kwa watu waliozoea kidogo.

Mwenye mtambo ni mmoja tu upande wetu wote. Tunamwita Kipimo kwa sababu hakubali neno mpaka alipime. Siku ya mwisho ya msimu ule aliniita kwenye kibanda chake akaniwekea mezani mrija wa kioo. Ulikuwa na mstari mwekundu, na mafuta yetu yalikuwa chini ya mstari kwa vidole viwili.

"Maua yako yamenona, mama, lakini hayana kitu ndani," alisema. "Nachemsha maji na majani."

"Labda pipa lako linavuja."

"Pipa langu halivuji. Sikiliza. Mwakani nakupa siku moja, pipa moja. Mafuta yakifika mstarini, zamu yako ipo. Yasipofika, zamu nampa mwenzako wa ng'ambo ya kilima. Na usije kunililia hapa."

Waridi haliwekwi akiba. Lililochumwa asubuhi, likifika mchana limeshaanza kupata joto guniani na kuchacha. Ukikosa zamu kwenye mtambo huna shamba tena, una pambo, na miwaridi ile ingebidi ing'olewe. Miaka tisa nilikuwa nimeinama juu yake. Nilitoka kwa Kipimo nikiapa kwa sauti, peke yangu njiani, kwamba haing'olewi hata mmoja nikiwa hai.

Shamba nalilima na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka ni dereva wa malori ya masafa marefu, anatulimia kwa simu. Kabla ya kuolewa wifi alifanya kazi miaka sita kwenye mashamba ya maua ya kuuzwa mafungu, yale ya mabua marefu, na alipokuja kwetu aliilea miwaridi yetu kama alivyofundishwa huko: maji tele, mbolea ya dukani kila baada ya wiki mbili, na maneno matamu juu. Mimi nilimwacha kwa sababu matokeo yalipendeza macho. Kwa hiyo kosa la unene lilikuwa letu sote, ingawa siku ile nilipofika nyumbani nilimbebesha yeye peke yake.

"Umeninenepeshea maua!" nilimjia juu kabla hata sijavua viatu.

Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. "Karibu nyumbani, wifi."

"Kipimo anasema hayana kitu."

"Basi tuyakondeshe," alisema, akaendelea kusugua sufuria. Hivyo ndivyo alivyo. Mimi nawaka, yeye anasuuza.

Kuyakondesha nilijua mahali pa kujifunzia. Juu kabisa ya shamba, penye mawe, kuna mistari minne ambayo maji hayafiki vizuri na mbolea tulikuwa tunaona uvivu kuipandisha. Maua yake madogo, yanakaa kwenye kiganja na nafasi inabaki. Lakini ukisimama karibu nayo asubuhi, harufu inakushika koo. Nilikuwa nimeyadharau miaka yote tisa. Sasa nikakata shauri: shamba zima liishi kama ile mistari ya mawe.

Tulipogoa kwa ukali kuliko zamani. Mbolea ya dukani tukaiacha, tukaweka samadi iliyooza mara moja tu, mwanzoni. Hapo wifi hakubisha. Alikiri kwamba mbolea ile ilikuwa inatupa majani na maji, akafunga mifuko iliyobaki na kumgawia jirani mwenye kabichi. Mvutano ulikuja kwenye maji. Wifi alitaka tupunguze. Mimi nilitaka tukate.

"Ua likiona shida ndipo linatoa mafuta," nilisema.

"Shida ndiyo, wifi. Siyo mauaji."

Nikanunua kufuli, nikalifunga lango la mfereji unaoleta maji shambani, ufunguo nikautia kwenye uzi na kuuvaa shingoni. Nilijiona mtu mwenye msimamo. Wifi alinitazama nikiuvaa akasema nimependeza.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa sahihi, na sikukosa kumkumbusha. Miti ilikuwa mifupi, migumu, imeshikana. Matumba yalipotokea yalikuwa madogo na mengi ajabu, kila tawi limejaa. Nilitembea kati ya mistari nikiyahesabu kwa macho na kuona zamu yangu mkononi. Kisha, wiki tatu kabla ya siku yetu, ukaja upepo wa joto.

Siku ya kwanza ya upepo nilisema utapita. Siku ya tatu majani yalikuwa yanajikunja. Siku ya tano wifi aliingia jikoni kwangu nikiwa nakunywa chai, akafungua kanga yake juu ya meza, yakamwagika matumba. Yalikuwa mamia. Mengine yalianguka kwenye kikombe changu.

"Haya nimeyaokota mistari sita tu," alisema. "Nipe ufunguo."

"Ni upepo huo."

"Upepo umekuta miti ina kiu. Shambani nilikofanya kazi zamani tulikuwa na msimamizi kichwa ngumu kama wewe, lakini yule alikuwa analipwa. Nipe ufunguo, wifi."

"Ukifungua maji sasa yatanona tena. Tutarudi pale pale."

"Umeona lini tumba likinenepa chini ya mti?"

Nilimwambia atoke jikoni kwangu. Nilimtolea maneno ambayo siyarudii hapa, pamoja na lile la kwamba shamba ni la ukoo wetu na yeye amelikuta.  Akakusanya kanga yake akatoka, na matumba akaniachia mezani.

Nilikaa nayo. Hasira zangu ni za karibu, zinafika upesi na zinaondoka upesi, na zikiondoka huwa zinaniacha na aibu. Nilichukua wembe nikapasua tumba moja. Ndani petali zilikuwa zimekauka, rangi ya karatasi ya zamani. Nikapasua la pili, la kumi. Yote hivyo hivyo. Nikayanusa. Hayakunuka kitu, labda vumbi. Mafuta yale niliyokuwa nayatolea jasho yalikuwa hayajapata hata mahali pa kukaa. Niliogopa siku ile kuliko siku niliyooneshwa mstari, maana safari hii nilijua ni mkono wa nani.

Nilivua uzi shingoni nikaenda nyumba ya pili, ya kaka na wifi. Wifi alikuwa anakunja nguo, na nilipoona anakunja nguo moyo ulinipasuka, nikidhani anafungasha.

"Unaondoka?"

"Nimeanua tu," alisema. "Mtu asianue nguo zake kwa sababu wewe una hasira?"

Nikaweka ufunguo juu ya nguo. "Nimeyaua robo yake. Yaliyobaki yaokoe wewe. Na lile neno la ukoo nilisema vibaya, nisamehe."

"Lile neno nitalikumbuka," alisema, na hakutabasamu. Kisha akavaa viatu.

Nilidhani atafungua lango lote. Hakufanya hivyo. Alituita mimi na majirani wawili tukakata nyasi kavu, tukazitandaza chini ya kila mti mpaka udongo usionekane. Kisha kila siku, kabla jua halijatoka, alifungua maji kidogo, yaende kwenye mizizi tu kwa muda wa kukoka moto na kuchemsha chai, halafu akafunga. Udongo ukawa na ubaridi, na asubuhi ukungu mwembamba ukawa unasimama kati ya mistari. Alinieleza akiwa ameshika jembe, bila kujigamba, na kutojigamba kwake kuliniuma zaidi: mti uteseke kabla, wakati wa kujenga tawi. Ukishabeba tumba unataka ubaridi na unyevu wa kiasi, ua lifunguke polepole na kushika harufu yake. Joto likilifungua kwa pupa, harufu inapaa yote.

Mimi nilikuwa najua nusu ya kwanza. Yeye alikuwa na nusu ya pili tangu mwanzo, nami nilikuwa nimeifungia kufuli.

Siku ya Kipimo tulikuwa watu wanane shambani, kweupe ndiyo kwanza kunaanza. Sheria ilikuwa moja: mwisho wa kuchuma ni jua likigusa paa la banda. Baada ya hapo ua linaanza kupoteza. Tulichuma kwa mikono miwili, ua zima na kikonyo chake, bila kusemezana. Vidole vilitoboka, na harufu ilikuwa nzito mpaka jirani mmoja akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia akiache kiume, hiyo ndiyo dalili njema.

Jua likagusa paa. Tulikuwa na magunia tisa. Pipa la Kipimo linachukua kumi na mawili.

"Matatu yamo kwenye kufuli," nilisema mbele ya wote, maana nilitaka nilisikie mwenyewe.

Wifi alikuwa anaangalia bondeni, kwenye ile mistari ya mwisho inayonyonya maji ya mtaro wa jirani. Huko maua yalikuwa yamenona kama zamani. "Tukiingia wote, dakika ishirini tunajaza matatu," alisema. "Nani atajua?"

"Kipimo atajua. Na mrija utajua."

"Pipa lisipojaa tutafikaje mstarini?"

"Tukijaza maji, yatameza hata mafuta ya haya, hatufiki kabisa. Haya tisa ni mafuta, wifi. Umeyatunza mwenyewe, yaamini."

 Wifi akafunga mdomo wa gunia la tisa kwa kamba na kulikaza kwa goti.

Kipimo alihesabu magunia mara mbili. "Mstari hausogei eti kwa sababu pipa halijajaa," alisema.

"Sijakuomba usogee."

Alimwaga maua, akaongeza maji, akafunika, akaziba pembeni kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoroke. Moto ukawashwa. Saa mbili nzima tulikaa kwenye benchi la kibanda, wifi na mimi, magoti yakigusana. Maji yalipoanza kutiririka kwenye chombo yalinukia mpaka barabarani, lakini juu yake kulikuwa na utando tu, kama mchuzi wa mtu mwenye choyo. 

"Bado," alisema Kipimo. "Mengi yamejificha ndani ya maji. Nayarudisha."

Akayachemsha maji yale yale mara ya pili. Hiyo ilichukua saa nyingine. Wifi alinishika mkono. Hatujawahi kushikana mikono, sisi ni watu wa kupigana vijembe. Mkono wake ulikuwa na mikwaruzo mingi kuliko wangu.

Mafuta yalipanda shingoni mwa mrija yakiwa ya manjano yenye ukijani. Yakafika chini ya mstari yakasita. Tone likaongezeka, na jingine. Kipimo aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Yaligusa mstari, yakaupita kwa unene wa ukucha.

"Magunia tisa," alisema taratibu, kama anayempa mtu pole. Akachukua chaki akaenda kwenye ubao wa zamu. "Haya. Kila shamba nataka mtu mmoja wa kuongea naye na wa kumgombeza. Miaka yote ni wewe, mama. Niache hivyo hivyo?"

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo mwaka mzima. Ulimi wangu ulishafika kwenye ndiyo. Kisha nikamwona wifi anageuza uso kuangalia mlango, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufurahi bila yeye.

"Nifute," nilisema. "Andika wifi yangu. Shamba ni lake kama lilivyo langu, na mwaka huu ni yeye aliyeliokoa mikononi mwangu."

Kipimo alinipima kwa macho, kisha akalifuta jina langu kwa kiganja. Wifi alingoja mpaka chaki ilipomaliza kuandika. Aliufuta uso wake kwa ncha ya kanga, akavuta pumzi, akaniambia kwa sauti ambayo kibanda kizima kiliisikia:

"Kesho saa kumi na moja alfajiri uwe shambani. Na usichelewe, maana mimi sibembelezi mtu."